Malazi ya Mtoto Mchanga: Upendo Haupimwi kwa Wingi wa Mito



Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo hutumiwa sana katika mashauri ya watu wazima, lakini ni vigumu kupata mahali inapofaa zaidi kuliko penye malazi ya mtoto mchanga. Anayekichagua kitanda hicho si yeye atakayekilalia, na yule atakayekilalia hana kauli. Hawezi kusema kwamba mto umemziba pua. Hawezi kuliondoa blanketi lililomfunika uso, wala hawezi kujigeuza akatafuta hewa. Kazi yote ya kufikiri imewekwa mikononi mwa wazazi, bibi, wakwe, wakunga na majirani, ambao kila mmoja ana ushauri wake, na kila mmoja anautoa kwa nia njema.

Kwa sababu hiyo uchaguzi wa malazi ya mtoto mchanga ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Mtoto aliyezaliwa juzi hulala kiasi cha saa 16 katika kila saa 24. Maana yake ni kwamba theluthi mbili za siku zake za mwanzo hapa duniani anazipitisha juu ya kile alichotandikiwa. Hakuna chombo kingine nyumbani kitakachotumiwa na mtu mmoja kwa muda mrefu kiasi hicho.

Hali ilivyo madukani

Chukua mfano wa karani wa wilaya na mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, wanaotarajia mtoto wao wa kwanza. Mshahara ukishapokelewa, safari ni ya dukani. Muuzaji anawatandikia bidhaa mezani moja baada ya nyingine: kigodoro laini kinachodidimia kwa kuguswa na kidole, mto mdogo wenye picha ya ndege, blanketi zito la manyoya, mito mirefu ya kuzungushia kitanda pande zote nne, na mdoli wa kulala pembeni mwa mtoto. Vyote ni vya rangi moja na vimefungwa katika mfuko wa plastiki unaong'aa. Bei yake inameza sehemu kubwa ya mshahara ule.

Wanandoa hao hawanunui kwa ujinga. Wananunua kwa mapenzi, na pengine kwa kuogopa aibu, kwa maana wageni watakuja kumwona mtoto, na macho yao yatatua kwanza kitandani. Wakifika nyumbani wanamkuta mama mzaa chema amewasili kutoka kijijini kuja kumwuguza mwanawe. Naye akiuona mto ule anafurahi. "Mmefanya vema, wanangu," anasema. "Mtoto asiye na mto shingo yake itakaa vibaya." Hivyo duka la mjini na desturi ya kijijini vimekubaliana kwa neno moja. Jambo la kusikitisha ni kwamba katika neno hilo vyote viwili vimekosea.

Malazi mazuri ya mtoto mchanga hujulikana zaidi kwa vitu visivyokuwamo kuliko kwa vitu vilivyomo. Mtoto anahitaji mahali pagumu kiasi, palipo bapa, pakavu, pasafi na patupu. Anahitaji kulazwa chali. Katika nchi zenye mbu anahitaji chandarua. Na anahitaji kuwa karibu na mama yake. Mengine yote ni mapambo, na baadhi ya mapambo hayo huua.

Kosa la wataalamu

Huenda pakawa na mtu atakayeuliza: kauli nzito namna hiyo imetoka wapi? Jibu lake ni historia ambayo kila mtu mwenye kazi ya kushauri wengine, awe mwalimu, bwana afya au mkuu wa idara, angepaswa kuijua.

Katika miaka ya kati ya karne iliyopita, wazazi wa Ulaya na Marekani walianza kushauriwa wawalaze watoto wachanga kifudifudi. Miongoni mwa walioutoa ushauri huo alikuwa Dakta Benjamin Spock wa Marekani, ambaye kitabu chake cha malezi, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1946, kilisomwa na mamilioni ya wazazi. Hoja iliyotolewa ilikuwa na sura ya busara: mtoto aliyelala chali akitapika anaweza kupaliwa na matapishi yake, na kwa hiyo afadhali alale kwa tumbo. Hospitali zikaufuata ushauri huo. Wauguzi wakawafundisha akina mama, na akina mama wakawafundisha binti zao.

Wakati huohuo, maelfu ya watoto waliokuwa na afya njema jioni walikutwa wamekufa asubuhi, bila homa, bila jeraha, bila sababu iliyoonekana. Madaktari wakakipa kifo hicho jina lake, kifo cha ghafla cha mtoto mchanga, lakini kutoa jina si kutoa dawa. Akina mama waliohojiwa na polisi walikuwa na msiba mara mbili: wa kupoteza mtoto, na wa kushukiwa kumwua.

Uchunguzi ulipofanywa kwa makini, ukweli ulianza kujitokeza. Uholanzi, ambako ulalaji wa kifudifudi ulikuwa umeenea, ilianza mwaka 1987 kuwaonya wazazi waache jambo hilo. New Zealand ilifanya uchunguzi mkubwa kati ya mwaka 1987 na 1990, ukaonyesha kwamba kulala kifudifudi, moshi wa sigara na kukosa maziwa ya mama ni mambo yaliyoandamana na vifo hivyo. Uingereza ikaanza kampeni yake mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994. Ujumbe ulikuwa mfupi: mlaze mtoto chali. Katika miaka michache vifo vya ghafla katika nchi hizo vilipungua kwa nusu au zaidi. Havikupunguzwa na mashine wala na dawa ya bei kubwa. Vilipunguzwa kwa kumgeuza mtoto tu.

Lakini sehemu iliyo chungu zaidi ya historia hii iliandikwa baadaye. Mwaka 2005 watafiti wa Uingereza waliukusanya ushahidi wote uliokuwa umechapishwa miaka iliyopita. Walikuta kwamba kufikia mwaka 1970 ushahidi wa kutosha dhidi ya kulala kifudifudi ulikuwa tayari umo katika majarida ya kitaalamu, ila hapakuwa na mtu aliyeuweka pamoja na kuupima. Walikadiria kwamba kama kazi hiyo ingefanywa mapema, vifo zaidi ya 10,000 vya watoto vingezuilika nchini Uingereza peke yake, na si chini ya 50,000 katika Ulaya, Marekani na Australasia. Karatasi zenye kuokoa maisha zilikaa kwenye rafu kwa muda wa miaka 20.

Somo hapa si kwamba wataalamu wasisikilizwe, kwani ni wataalamu haohao walioligundua kosa. Somo ni kwamba ushauri hauwi wa kweli kwa sababu unatolewa na mtu mwenye cheo, wala kwa sababu una sura ya busara, wala kwa sababu umezoeleka. Ushauri hupimwa kwa matokeo yake. Na mwenye kushauri akigundua kwamba alikosea, wajibu wake ni kusema hivyo hadharani na upesi, kwa maana kila siku ya kunyamaza ina makaburi yake.

Kwa nini chali, na kwa nini patupu

Hofu ya mtoto kupaliwa bado ipo majumbani, na hapana budi ijibiwe. Mtoto anapolala chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula. Kinachopanda kutoka tumboni huwa na mlima wa kupanda kabla hakijaingia kwenye mapafu, na mtoto mzima wa afya hukimeza au hukitema. Akilala kifudifudi mambo hugeuka, njia ya chakula ikawa juu na ya hewa chini. Kwa hiyo kile kilichoogopwa hakikuwa na msingi. Kulala ubavu nako si kimbilio, kwa kuwa mtoto huviringika kwa urahisi akaishia tumboni.

Sababu ya kukataa vitu laini inafanana na hiyo. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito ukilinganisha na mwili wake, na shingo yake bado haina nguvu. Uso wake ukizama katika mto, katika godoro linalodidimia au katika blanketi la manyoya, huivuta tena hewa ileile aliyoitoa. Hewa hiyo haina nguvu ya kutosha ya kumwendesha, na mtoto hana uwezo wa kujinasua. Si lazima alie. Mara nyingi hakuna sauti yoyote inayosikika.

Hiyo ndiyo maana mto haufai kwa mtoto aliye chini ya mwaka 1. Shingo yake haihitaji kuinuliwa; ikiinuliwa, kidevu huangukia kifuani na njia ya hewa hubanwa. Mito ya kuzungushia kitanda nayo, ambayo husemwa inamkinga mtoto asijigonge, imeonekana kuwa na madhara kuliko faida. Marekani, nchi yenye biashara kubwa ya vitu vya watoto, ilipitisha sheria mwaka 2022 ikapiga marufuku kuuzwa kwa mito hiyo pamoja na vitanda vya mteremko vya kulazia watoto. Lingekuwa jambo la ajabu kama kilichokatazwa huko kwa sababu ya vifo kingehesabiwa kwingine kuwa dalili ya maendeleo. Kasumba ya kudhani kwamba kila kilichotengenezwa kiwandani ng'ambo kina hekima ndani yake ni kasumba ghali, na katika jambo hili gharama yake si fedha peke yake.

Kitanda cha nyumbani

Basi mzazi achague nini? Aliye na uwezo wa kununua kitanda cha mtoto na achague kilicho imara, chenye fito zisizoachana zaidi ya sentimeta 6, ili kichwa kisipenye kikanaswa. Godoro liwe gumu kiasi kwamba mtoto akiondolewa pasibaki shimo, na lijae kitandani barabara bila nafasi pembeni ambamo mtoto anaweza kutumbukia. Shuka iwe moja, ikazwe vizuri na kukunjwa chini ya godoro. Basi.

Asiyekuwa na uwezo huo asijione amepungukiwa. Mkeka uliotandikwa juu ya sakafu safi, na juu yake kanga au shuka iliyokunjwa na kunyooshwa vizuri, unakaribia sana kile ambacho wataalamu wanakitaka kuliko godoro la bei kubwa linalodidimia. Kinachotakiwa kuogopwa ni godoro kuukuu la sponji lililobonyea katikati kama bakuli, ambalo katika nyumba nyingi hushushwa daraja likawa la mtoto baada ya wakubwa kulichoka. Godoro la sufi lisilochambuliwa kwa muda mrefu nalo hufanya mabonde na vilima. Mtoto asirithi kile ambacho mgongo wa baba umekataa.

Kanga ina sifa yake. Kanga iliyofuliwa mara nyingi ni laini kwa ngozi, hukauka haraka, na hukunjwa kwa unene wowote unaohitajika. Katika hospitali na zahanati, kanga safi ndiyo nguo ya kwanza inayompokea mtoto, na doti chache zilizotunzwa hutosha kuwa shuka, taulo na mbeleko. Lakini ifuliwe, ianikwe juani, na ipigwe pasi pande zote mbili. Pasi hapa si ya kupendezesha. Yupo nzi ambaye hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje au chini kivulini, na mabuu yake hupenya ngozi ya mtoto yakafanya majipu. Moto wa pasi huyaangamiza mayai hayo.

Kuhusu kojo, kitambaa cha mpira kinaweza kuwekwa chini ya shuka, kikazwe ili kisipande juu. Mifuko ya plastiki na mipira iliyolegea isikaribie uso wa mtoto. Kadhalika kamba, shanga na hirizi zinazofungwa shingoni ziondolewe wakati wa kulala, kwa sababu zinaweza kumkaba. Kuliambia jambo hili familia kunahitaji heshima, kwa kuwa kilichofungwa shingoni kimefungwa kwa mapenzi. Mwenye kushauri aseme habari ya kamba, asianzishe ugomvi wa imani.

Chandarua

Iwapo kuna kitu kimoja ambacho fedha ya karani yule ingefaa kukinunua kabla ya vingine vyote, basi ni chandarua chenye dawa. Malaria ni miongoni mwa wauaji wakubwa wa watoto walio chini ya umri wa miaka 5 katika Afrika, na ushahidi wa nguvu ya chandarua ulipatikana katika ardhi ya Tanzania yenyewe. Katika wilaya za Kilombero na Ulanga, mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa kuuza vyandarua vyenye dawa kwa wananchi ulifuatiliwa kwa uangalifu. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2001, yalionyesha kwamba kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4, kulala ndani ya chandarua chenye dawa kuliandamana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika. Mwaka 2004 ukaanzishwa mpango wa Hati Punguzo, ambapo mama mjamzito alipewa kliniki hati ya kumpunguzia bei ya chandarua. Na kuanzia mwaka 2013, katika mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma, vyandarua vilianza kugawiwa kupitia shule, wanafunzi wakivipeleka nyumbani.

Walimu waliovigawa vyandarua hivyo wanajua kwamba kugawa ni nusu ya kazi. Chandarua kikining'inizwa vibaya kinakuwa pambo. Hapana budi kingo zake zikunjwe chini ya godoro au mkeka pande zote, kisimguse mtoto mwilini, maana mbu huuma kupitia matundu, na kisiwe na sehemu iliyolegea usoni pake. Kile kidogo cha mwavuli kinafaa kwa usingizi wa mchana, lakini usiku, kisipokuwa na dawa, hakichukui nafasi ya kile chenye dawa.

Baridi na joto

Nchi ni kubwa na hali ya hewa si moja. Mama wa Njombe au Lushoto mwezi wa Julai ana hofu ya baridi, na hofu yake ni ya haki, kwa kuwa mtoto mchanga hupoteza joto upesi. Lakini joto la mtoto litoke kwenye nguo alizovaa, si kwenye marundo yaliyomlalia juu. Avalishwe nguo mbili tatu nyepesi zilizo kavu na soksi. Ikiwa lazima afunikwe, kitambaa kiwe chepesi, kisipite kifua, na kikazwe chini ya godoro pande zote ili kisipande usoni. Njia ya kupima ni kugusa kifua au shingo yake kwa nyuma. Pakiwa na vuguvugu, inatosha. Akitoka jasho, amezidishiwa.

Jambo moja la nyanda za juu halina budi lisemwe kwa ukali. Jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba cha kulala kilichofungwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na kila msimu wa baridi zinasikika habari za watu waliolala na jiko wasiamke. Mtoto mchanga hana kinga yoyote mbele ya hewa hiyo.

Mama wa Dar es Salaam au Tanga ana tatizo la kinyume. Huko mtoto hufungwa sweta, kofia na blanketi la manyoya katikati ya Januari kwa sababu wageni watasema mama hajui kulea. Joto kupita kiasi ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya kifo cha ghafla. Shati jepesi na nepi vinamtosha mtoto wa pwani.

Kitanda cha mama

Hapa ndipo penye ubishi mkubwa. Vitabu vingi vya ng'ambo husema mtoto alale chumba kimoja na mama, lakini juu ya kitanda chake mwenyewe. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mtoto hulala pembeni mwa mama, tena kwa sababu njema: hunyonya usiku bila taabu, mama humsikia akigeuka, na maziwa ya mama yenyewe yanapunguza hatari ya kifo cha ghafla. Kumwambia mama mwenye chumba kimoja na kitanda kimoja kwamba anatenda kosa ni kumtukana tu.

Hata hivyo hatari zipo, nazo zinajulikana. Zipo pale ambapo mmoja wa wanaolala hapo amelewa, au amekunywa dawa za usingizi, au huvuta sigara. Zipo pale ambapo mtoto amezaliwa kabla ya wakati, pale ambapo kitanda kimejaa watoto wengine, na zaidi ya yote pale ambapo mama aliyechoka anasinzia na mtoto kwenye kochi. Baba aliyetoka kilabuni alale kwingine. Hilo si suala la utaalamu, ni suala la adabu.

New Zealand ilikuwa na tatizo kama hili. Kampeni ya kulaza watoto chali ilifanikiwa, lakini miongoni mwa Wamaori, wenyeji wa visiwa hivyo, ambao kwao kulala na mtoto ni sehemu ya malezi, vifo vilibaki vingi. Badala ya kuendelea kuwalaumu, daktari mmoja wao pamoja na wasusi wa jadi walibuni, katikati ya miaka ya 2000, kikapu bapa kilichosukwa kwa majani ya mmea wa huko, kinachoitwa wahakura. Kikapu hicho huwekwa juu ya kitanda cha wazazi. Mtoto yuko karibu kiasi cha kuguswa, ila ana mahali pake ambapo mto wala mkono wa mkubwa haumfikii. Desturi haikuvunjwa, ilitengenezewa chombo. Katika nchi yenye mafundi wa ukili na ukindu wa kila namna, wazo hilo lingestahili kuchunguzwa na wataalamu wa afya wakishirikiana na wasusi.

Ufini nayo ilianza mwaka 1938 kuwapa akina mama wenye kipato kidogo sanduku lenye vitambaa na mahitaji ya mtoto, na mwaka 1949 haki hiyo ikawa ya akina mama wote. Chini ya sanduku huwekwa kigodoro, na sanduku lenyewe likawa kitanda cha kwanza cha watoto wengi, wa tajiri na wa maskini. Lakini nguvu ya mpango ule haikuwa katika boksi. Mama alitakiwa kwanza apimwe kliniki kabla mwezi wa nne wa mimba haujaisha. Sanduku lilikuwa mlango, na ndani ya mlango mlikuwa na mkunga.

Kifua cha mama

Wapo watoto ambao hata kitanda bora hakiwatoshi, nao ni watoto njiti. Mwaka 1978, katika hospitali moja ya Bogotá, Kolombia, yenye msongamano mkubwa na mashine chache za kuwapa joto watoto, Dakta Edgar Rey Sanabria alianza kuwafunga watoto hao kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo ikaitwa ya kangaruu. Kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa njia ya wasio na vifaa. Lakini uchunguzi uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2021, ulihusu watoto zaidi ya 3,200 waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi pungufu ya kilo 1.8. Kati ya waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, asilimia 12 walifariki katika siku 28 za kwanza. Kati ya waliosubirishwa mpaka hali zao zitengemae, ambao walitunzwa kwanza kwa utaratibu wa kawaida wa hospitali, walifariki asilimia 15.7. Kwa mtoto wa namna hiyo, malazi yaliyo bora kuliko yote hayauzwi dukani.

Wajibu wa waliosoma

Mtoto akikutwa amekufa asubuhi, mara nyingi jambo la kwanza linalotafutwa si sababu bali mtu. Husemwa ni jicho la hasidi, au jirani mzee, au mama mwenyewe hakuwa mwangalifu. Ndoa huvunjika na vikongwe husingiziwa. Elimu ya malazi haitazuia kila kifo, wala haitakiwi kugeuzwa kuwa fimbo ya kumpigia mama aliyefiwa. Inaweza kuzuia baadhi ya vifo, na inaweza kuondoa baadhi ya lawama.

Elimu hiyo haigharimu fedha nyingi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni 2 kwa redio na vikundi vya kusomea, na walimu walikuwa mstari wa mbele. Kilichotakiwa wakati ule kilikuwa maneno machache yaliyo sahihi, yanayosemwa na mtu anayeaminika, katika lugha inayoeleweka. Ndicho kinachotakiwa katika jambo hili pia. Mwalimu wa sayansi anaweza kulieleza katika somo la njia ya hewa. Ofisa wa wilaya anaweza kulisema siku mtumishi aliye chini yake anapoaga kwenda likizo ya uzazi. Wanaochanga fedha ofisini kumpongeza mwenzao aliyejifungua wanaweza kuchanga kwa ajili ya chandarua chenye dawa na doti mbili za kanga, badala ya blanketi la manyoya.

Na yule mama mzaa chema aliyekuja na wasiwasi wa shingo ya mjukuu, asibezwe. Aelezwe polepole, kwa heshima inayomstahili, kwamba hata madaktari wakubwa wa Ulaya walikosea kwa muda wa miaka mingi, na kwamba hakuna aibu kwa mtu kubadili neno lake kwa ajili ya mtoto. Kisha apewe mjukuu ampakate. Mto ule wenye picha ya ndege unaweza kuwekwa kwenye kiti cha bibi, ukamsaidia mgongo.